Gulabu jamuni za mkate kwenye jiko la mkaa: maziwa kiasi gani, na shira iwe ya moto au iliyopoa?

Binti wa Chuno (Mtwara)

Asalaam alaykum wapishi, na habari zenu nyote humu.

Nina meza ya futari hapa Mtwara mjini, kila Ramadhani naiweka nje kuanzia alasiri. Nauza kaimati, sambusa, kachori, bajia za kunde, na uji wa pilipili manga kwenye chupa za chai. Kaimati ndizo zinanilipia kodi, sizilalamikii. Ila nina wateja wangu wa bandarini, msimu wa korosho ndio walinizoea, wameanza kuniuliza, "Dada, zile za Kihindi za mviringo, za kwenye shira, hufanyi?" Gulabu jamuni. Nimezila Dar kwenye harusi nikazipenda kweli, lakini kula na kupika ni mambo mawili.

Nimeuliza huku na huku, naambiwa zenyewe hasa zinafanywa kwa khoya, yaani maziwa yaliyochemshwa mpaka yakabaki donge. Hapa sijaona duka linalouza. Nikisema nichemshe mwenyewe, lita nzima ya maziwa ya ng'ombe inakuachia chini ya robo kilo, na mkaa umeshateketea. Mtaji wangu hauruhusu. Ndiyo nikaangukia video za kutumia mkate wa slesi, na hapo nikachanganyikiwa kabisa. Mmoja anachovya mkate kwenye maziwa na kuukamua. Mwingine anausaga kwenye blenda, anakandia krimu. Mwingine anatia ngano na soda, mwenzake anaapa kwamba ukitia soda umeharibu. Kwenye shira ndiyo usiseme: huyu anatumbukiza ikiwa inatokota, yule anasema ipoe kwanza.

Naomba mtu aliyezitia mkononi mwenyewe aniambie. Maziwa kiasi gani kwa slesi ngapi? Mimi nina jiko la mkaa na karai, moto wake nitaujuaje? Na zitakaa kwenye shira mpaka Magharibi bila kumomonyoka? Maana mteja wa futari hana subira, adhana ikitoka anataka chake.


Kahawa Chungu (Mikindani)

Wa alaykum salaam binti. Kupika sijui, kula najua, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Kitu cha maziwa mnakigeuza cha mkate, kesho mtatuletea pweza wa mihogo. Mwaka 2019 serikali ya Pakistan iliwapigisha watu kura mtandaoni wachague kitamu cha taifa, gulabu jamuni ikazishinda jalebi na barfi. Zile zilizoshinda ni za maziwa, hakuna aliyepigia kura mkate. Mkate ni wa chai. Baki na kaimati zako, na ukizileta huku Mikindani, baraza letu linamaliza sinia kabla ya tarawehe.


Mke wa Fundi (Mtwara)

Nafuatilia hapa. Mimi nazitaka za Idi.


Bi Mkubwa wa Mtanda (Lindi)

Kahawa Chungu, wewe endelea na kikombe chako. Mwenzio kauliza namna ya kupika, wewe unamletea kura.

Binti, nisikilize mimi. Nakaanga vitamu hapa Lindi tangu wanangu wako mgongoni. Gulabu jamuni niliziona kwanza kwa mama mmoja wa Kihindi, jirani yetu upande wa pwani. Siku akiwa na shughuli, anateleka sufuria ya maziwa asubuhi, anakoroga hadi adhuhuri, jasho linamtiririka. Na maziwa yenyewe yalikuwa ya kutafutwa, maana Kusini hii ng'ombe walikuwa wachache mno, mbung'o hawakuwaacha wakae. Haya makundi mnayokutana nayo leo huku mkoani, mengi yalikuja kuanzia 2006, wafugaji walipoondolewa Usangu kule Mbeya. Basi siku maziwa yakikosekana, mama yule anatuma mtoto dukani kuleta mkate. Wageni wake walikuwa Wahindi wenzake, walikula na wakaomba za kubeba. Kwa hiyo humu tusitishane.

Sasa shika neno moja, mengine yote yanatokana na hilo: mkate umeshapikwa. Umeshaumuka, umeshaokwa, ngano yake imeshaiva. Wanaokosea wanaufanyia mambo ya unga mbichi. Ukiukanda kwa nguvu za chapati unageuka gundi, shira haipenyi, mteja anatafuna tu. Ukiuchovya kwenye maziwa na kuukamua, kuna maji yanabaki ndani usiyoyaona. Yakikutana na mafuta yanakuwa mvuke, na mvuke unatafuta pa kutokea. Utasikia "pwa!", donge limepasuka. Hao wa kukamua achana nao.

Chukua slesi 10 za mkate mweupe. Wa jana ndio mzuri. Kata kingo zote za kahawia, hata ule ukingo mwembamba wa juu, kwa sababu kingo hazilainiki sawasawa na nyama ya mkate. Zinabaki vipande vigumu ndani ya donge, na ufa unaanzia hapo. Usizitupe. Zianike, zikikauka zitwange, ni chenga za kuvingirishia katlesi na unazo kwenye meza yako hiyo hiyo. Mkate uliobaki uchambue kwa vidole mpaka uwe chenga ndogo. Blenda ikiwepo na umeme ukiwepo, sawa. Visipokuwepo, usugue kati ya viganja, kazi ya dakika chache.

Tia maziwa ya unga vijiko 4 vya kulia, vijae, na samli kijiko 1. Sugua mpaka samli ipotee humo. Maziwa ya unga ndiyo yanayoleta ladha ya khoya, kwa hiyo hapo usibane mkono. Lakini na yenyewe yana tabia yake, sukari na protini za maziwa zinawahi kubadilika rangi kwenye mafuta. Ukiyazidisha, nje kweusi na katikati hakujapata moto.

Maziwa ya maji weka nusu kikombe pembeni, ya vuguvugu, na usiyamwage. Nyunyiza kijiko kimoja, kusanya kwa ncha za vidole, nyunyiza kingine. Ukifika vijiko 5 simama hata kama unaona bado pakavu. Funika kwa kitambaa dakika 10. Hizo dakika 10 watu wa video wanaziruka, nazo ndizo dawa, kwa sababu mkate unaendelea kunywa wakati wewe umekaa. Ukiufunua utakuta umelainika wenyewe. Hapo ndipo unaamua kama unataka kijiko kingine au viwili. Mara nyingi nusu kikombe haiishi. Na usinidai kipimo cha kudumu: masika mkate wenyewe umebeba unyevu, kiangazi umekauka, hata wa duka lile lile. Unachotafuta ni kitu kinachoshikana, hakinati viganjani, laini kama ndewe ya sikio lako. Kukanda ndio hakuna. Kusanya, bonyeza, geuza, bonyeza, acha.

Soda usitie. Kwenye khoya kidogo inasaidia kulainisha, huku mkate una hewa yake tayari. Soda inalivimbisha donge kabla ngozi haijashika.

Paka samli viganjani. Kwa vipimo hivyo utapata madonge kama 18 au 20. Kila moja liminye kwanza kwa nguvu ndani ya ngumi hewa itoke, halafu legeza mkono, lizungushe taratibu bila kuligandamiza, mpaka usione mstari hata mmoja. Mstari unaoudharau sasa ndio ufa wa baadaye. Yafanye madogo kuliko unavyotamani, yakinywa shira yanakua. Na ukiyaweka kwenye sinia yafunike kwa kitambaa chenye unyevu, upepo wa bahari unakausha uso wake haraka.

Ndani tia korosho. Wahindi wenyewe wanapenda pistachio na lozi, lakini mtu wa Mtwara akanunue lozi ya nini na Newala na Tandahimba ziko hapo? Nunua chenga, bei yake nafuu na hutaki za kupamba. Zikaange kavu kidogo, zitwange na hiliki, bana kiasi kidogo katikati ya donge kisha ufunge. Mteja wa bandarini akiuma akikuta korosho, umempata.

Adhana hiyo. Moto na shira nakuja kuandika.


Mwokaji (Masasi)

Wakati tunamsubiri Bi Mkubwa, niongeze la mkate wenyewe maana ndiyo kazi yangu, naoka mikate hapa Masasi.

Mikate mingi ya slesi tunayouziwa ina sukari, na mingine ni mitamu hadi unaila mikavu bila chai. Huo mtamu unawahi kuwa mweusi kwenye mafuta kuliko kawaida, tena hapo umeongeza na maziwa ya unga. Tafuta usio na utamu. Onja slesi moja kabla ya kununua mifuko mitano. Mkate uliotoka tanuri leo nao una unyevu mwingi, slesi zinajikunja ukizishika. Kama ndio ulioupata, zitandaze kwenye sinia nusu saa zipigwe na hewa, halafu anza na vijiko 3 vya maziwa badala ya 5.

Kwenye ngano, kwa heshima zote, napingana na Bi Mkubwa kwa kutoitaja kabisa. Mkate ukishaokwa, ile gluteni inayoshika ngano imeshaganda, haishikani upya. Ndiyo maana madonge ya mkate yanamomonyoka kirahisi kuliko ya khoya yaliyotiwa ngano kidogo. Mtu anayepika nyumbani anaweza kuvumilia mawili matatu yakafa. Anayeuza hawezi. Tia kijiko 1 cha kulia cha ngano kwa slesi 10, kisizidi hapo, ulale usingizi.


Mama Kilimani (Nachingwea)

Mnajitesa na kuviringisha. Wahindi hao hao wana shahi tukra: slesi inakatwa pembe tatu, inakaangwa kwenye samli mpaka inakauka, inachovywa kwenye shira, juu unamwagia maziwa mazito yaliyochemshwa na hiliki. Hyderabad wana cha kwao cha namna hiyo hiyo, wanakula harusini. Hakuna kupasuka wala kumomonyoka. Mimi nyumbani nafanya hicho tu.


Bi Mkubwa wa Mtanda (Lindi)

Nimerudi.

Mama Kilimani, shahi tukra ni tamu, sikatai, lakini ni chakula cha sahani na kijiko. Mtu anayesimama barabarani saa 12 jioni na mkoba wake begani utampa vipi? Na yale maziwa ya juu ndiyo gharama ile ile binti anayoikimbia.

Mwokaji, ngano kijiko kimoja sikukatazi, na maneno yako ya gluteni nimeyaelewa. Ila isiwe ya kuanzia. Binti, kaanga donge moja la kuonja kabla hujaviringisha yote. Likitulia kwenye mafuta, endelea hivyo hivyo, litakuwa laini zaidi. Likianza kumwaga chenga, rudi kwenye bakuli utie hicho kijiko cha ngano, ukusanye tena, upumzishe dakika 5. Donge moja halikufilisi.

Haya, moto. Washa jiko, acha mkaa ushike wote na majivu yaanze kuufunika. Sasa ondoa makaa kiasi uyaweke pembeni. Ule moto wako wa kaimati hapa haufai. Kaimati ni unga mbichi wenye hamira, unataka mafuta makali uvimbe mara moja. Huu hauna cha kuvimba. Tia mafuta ya alizeti, mengi, donge lielee lisiguse chini, na juu yake vijiko viwili vya samli kwa ajili ya harufu. Mafuta ya nazi hapana, yana sauti yake, yatashindana na hiliki.

Dondosha kipande kidogo cha ule unga. Kikizama, kikatulia, kikapanda polepole na viputo vidogo pembeni, hapo ndipo. Kikiruka juu mara moja kinachacharika, epua karai uliweke chini kidogo, na jikoni ufukie makaa kwa majivu. Kikibaki chini tu kimelala, rudisha kaa moja. Jiko la mkaa linarekebishwa kwa koleo na majivu, wala halishindwi na gesi, ni kukaa nalo tu. Simu weka mbali.

Tia madonge 6 au 7 kwa mara moja. Usiyaguse kwanza. Koroga mafuta pembeni yao kwa kijiko cha matundu, yatazunguka yenyewe na kupata rangi sawa pande zote. Dakika 6 hadi 8. Na hapa nakurudisha kwenye lile neno: mkate umeshapikwa, kwa hiyo hatukaangi ili ndani paive. Tunakaanga ili ngozi ipate unene wa kuhimili shira, na joto lifike katikati. Rangi ya dhahabu hafifu inavutia kwenye picha, lakini ngozi yake ni nyembamba, ikiingia kwenye shira unapata uji. Iache iende mpaka kahawia iliyokolea.

Shira ianze kabla ya kukaanga. Sukari vikombe 2, maji vikombe 2, hiliki punje 6 ziponde na maganda yake. Ikianza kuchemka hesabu dakika 8 hadi 10 moto wa wastani. Chota tone, lipoe, libane kati ya kidole gumba na cha shahada. Inate, lakini isivute uzi. Wewe mkono wako umezoea shira ya kaimati, ile tunaisukuma mpaka uzi ili ishike nje na ikauke. Hii kazi yake ni kuingia ndani, na shira nzito haiingii. Kamulia ndimu kijiko kimoja cha chai, inazuia sukari isirudi kuwa chembe. Epua, ndiyo utie maji ya waridi, matone tu, ukiyatia jikoni harufu yote inaondoka na mvuke. Zafarani kama unayo tia, kama huna usiende kuinunua kwa ajili ya meza ya futari.

Ulilouliza la moto au baridi: shira iwe ya vuguvugu, ile ambayo unaweza kuchovya kidole bila kukivuta kwa haraka. Madonge yawe bado na joto, yamepumzika dakika mbili tatu toka karaini. Shira inayotokota inalainisha ngozi papo hapo, donge linavimba vizuri, unafurahi, kisha linanywea na kukunjamana. Shira baridi nayo inaishia kwenye ngozi, ukikata katikati pakavu. Tumia sufuria pana, yasipandane. Usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria yenyewe.

Za khoya zinataka saa kadhaa ndani ya shira. Za mkate zinanywa upesi, nusu saa hadi saa nzima basi. Ukizisahau humo mpaka usiku, hapo ndipo zinalegea. Kwa hiyo biashara yako ipange hivi: baada ya alasiri kaanga, mnamo saa 11 chovya, saa 12 kasorobo zitoe kwa kijiko cha matundu uzipange kwenye sinia lenye kina, na shira kidogo chini yake zisikauke. Nyunyizia chenga za korosho juu. Shira nyingine iwe kwenye jagi, mteja akitaka unamwongezea.


Binti wa Chuno (Mtwara)

Bi Mkubwa, Mungu akulipe kheri, sikutegemea kuandikiwa hivi. Nimenakili yote kwenye daftari la hesabu.

Naomba nikusumbue kidogo tena. Nina maziwa ya kopo yale mazito yenye sukari, yalibaki kwenye keki. Naweza kuyatumia badala ya maziwa ya maji? Halafu nina wateja wanaovuka kwenda Msangamkuu, wananunua wakiwa njiani kuwahi chombo. Niwafungieje? Na zikibaki nifanyeje, friji ninayo lakini umeme una siku zake.


Bi Mkubwa wa Mtanda (Lindi)

Maziwa ya kopo mazito usitie kwenye unga. Sukari iliyomo itaunguza ngozi kabla ya wakati, na yanafanya donge linate mkononi. Weka kwa chai ya daku.

Wa Msangamkuu wafungie kwenye vibakuli vya plastiki vyenye mfuniko, mbili mbili au nne nne, shira vijiko viwili tu. Usiwafungie kwenye mfuko. Mtu akikaa chomboni na mfuko magotini, kanzu yake ya Ijumaa haitakusamehe. Na subiri zipoe kabla ya kufunika, mvuke ukibaki ndani unazilowesha juu.

Zikibaki: shira hii ni nyepesi, sukari yake haitoshi kulinda kitu chenye maziwa kwenye joto la Mtwara. Nje ya friji, kesho yake futari iwe mwisho, na unuse kwanza. Kwenye friji siku 3 au 4, ila zipashe moto kidogo kabla ya kuliwa, samli inaganda na zinakuwa ngumu. Kama una wasiwasi na umeme, kuna njia bora kuliko zote: madonge yakaange yote, chovya nusu. Yaliyokaangwa bila shira yanavumilia mpaka kesho kwenye chombo kilichofunikwa. Kesho unayapasha kwenye mafuta dakika moja, unachovya, mteja hajui.

Bei hujauliza lakini nakwambia. Usiuze kwa bei ya kaimati. Mkate si kitu, maziwa ya unga na samli ndivyo vinavyokula pesa, anzia hesabu hapo.


Kahawa Chungu (Mikindani)

Bi Mkubwa, nimesoma mpaka mwisho na mate yananitoka, na kaimati za nyumbani kwangu zimepata mshindani. Hilo la korosho ndani hata Pakistan sijasikia. Lakini bado ni mkate.


Bi Mkubwa wa Mtanda (Lindi)

Ni mkate. Na wewe utakula nne.


Mwokaji (Masasi)

Nimejaribu jioni hii na mabaki ya mkate wa jana, slesi 10, bila ngano kama alivyosema. La kuonja lilitulia. Nimeendelea bila ngano. Nimenyamaza.

Nyongeza moja kwa binti: kisu cha kukatia kingo kiwe cha meno, na panga slesi tatu tatu. Ukikata moja moja utakesha.


Mke wa Fundi (Mtwara)

Na mkate wa brauni je? Mume wangu daktari kamwambia aache mweupe, kisukari.


Bi Mkubwa wa Mtanda (Lindi)

Mwanangu, mtu aliyekatazwa mkate mweupe kwa ajili ya sukari, wewe unamtumbukizia wa brauni kwenye vikombe viwili vya shira? Mpe huyo korosho peke yake, za kukaanga, asizidishe chumvi. Na hata ukimwacha pembeni, brauni haifai kwa kazi hii, zile pumba zinakata donge, halipati uso laini hata ulizungushe mpaka Idi.